UZI: Zimwi la Creature from the Black Lagoon lina zaidi ya miaka 70, mbona halizeeki? Watu wa Tanga njooni tulijadili

Mkazi wa Sahare (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Wale mnaonidai uzi wa filamu za kutisha za zamani, huu hapa. Ni mrefu, kaeni vizuri.

Kuna filamu ya mwaka 1954 inaitwa Creature from the Black Lagoon. Haina rangi, ina dakika 79, zimwi moja, mashua moja na ziwa moja lililojificha kwenye msitu wa Amazon. Ni kazi ya Universal ya Marekani, mwongozaji Jack Arnold, mtayarishaji William Alland. Haikuwa filamu ya kumwagiwa fedha. Msitu tunaouona ulipigwa picha kwenye eneo la studio kule California, zile picha za chini ya maji zikapigwa Wakulla Springs, Florida, na zimwi lenyewe ni mtu aliyevikwa mpira kuanzia utosini hadi nyayoni. Tangu hapo yamekuja mazimwi ya kompyuta yaliyokula mamilioni ya dola, yakavuma wiki mbili na kusahaulika. Hili la mpira bado lipo. Mwongozaji Guillermo del Toro alilitazama akiwa mtoto, likamkaa moyoni mpaka akatengeneza The Shape of Water, iliyochukua Oscar ya filamu bora mwaka 2018.

Nimesikia majibu mengi. Wapo wanaosema ni sura ya zimwi, wapo wanaosema ni mwigizaji Julie Adams na vazi lake jeupe la kuogelea, wapo wanaosema ni mapenzi ya wazee kwa mambo ya ujanani mwao. Yote yana ukweli kiasi. Jibu langu ni jingine: zimwi lile liko kwao.

Fikirieni mazimwi mengine mnayoyajua. Mengi yanatufuata. Yanashuka kutoka angani, yanatoroka maabara, yanafufuka kaburini, yanabisha hodi usiku. Hili halikumfuata mtu. Daktari Carl Maia anachimba mwamba na kukuta mkono wa kisukuku wenye utando katikati ya vidole. Anakwenda kuwaita wenzake, wanapanda mashua chakavu iitwayo Rita chini ya nahodha Lucas, wanakwea mto hadi kwenye ziwa ambalo Lucas mwenyewe anawaambia hakuna aliyeingia akarudi. Wanaingia. Wanapiga mbizi, wanavunja mawe, wanatupa vipande vya sigara majini. Kuna picha moja fupi sana ambapo Kay, yule dada wa msafara, anatupa kipande cha sigara, na kamera inakitazama kutoka chini, kwa macho ya aliye ndani. Ni sekunde chache tu, lakini hapo ndipo nilipoielewa filamu nzima. Hiyo ni taka iliyoangukia uani kwa mtu.

Sisi tuliokulia ukanda huu hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Mtoto wa pwani anaambiwa mapema kwamba maji yana wenyewe. Kuna chunusi anayevuta waogeleaji, kuna mahali huogi magharibi ikiingia, kuna mwamba huupiti bila adabu. Mapango ya Amboni hadi leo kuna watu wanaingia kutambika, na wanaingia wakijua kuwa wao ni wageni mle. Kwa hiyo mtu wa Tanga akiiangalia filamu hii haulizi "zimwi limetoka wapi?" Anauliza wale wazungu wamepewa ruhusa na nani.

Sasa nije kwenye kile kipande ambacho kila mpenzi wa filamu hii anakijua. Kay anaamua kuogelea peke yake. Juu ya maji anapiga mikono kwa raha zake, jua linapenya. Chini yake zimwi linatokea kwenye mimea, linageuka chali, linaanza kuogelea sambamba naye, uso kwa uso, mita chache tu za maji kati yao. Yeye hajui. Linamfuata, linasita, linanyoosha mkono kugusa mguu wake, halafu linaurudisha. Kwa muda mrefu hakuna neno linalosemwa. Na jamani, linaogelea vizuri! Hiyo ndiyo siri. Nchi kavu lile zimwi ni zito, linaburuta miguu, linagongagonga mambo. Likiingia majini linakuwa kiumbe kingine. Unatambua kwa macho yako kwamba mwili ule uliumbwa kwa ajili ya mahali pale, na kwamba anayetapatapa juu ndiye aliyepotea njia. Hofu unayo, na huruma unayo, na unalionea zimwi wivu kidogo, vyote kwa pamoja. Filamu ngapi za mazimwi zimekupa hivyo vitatu ndani ya dakika tatu?

Aliyeogelea ni kijana wa Florida, Ricou Browning. Hakuwa mwigizaji. Alikuwa mwogeleaji wa maonyesho ya chini ya maji, akapelekwa kuwatembeza watu wa studio pale Wakulla, wakamwomba aogelee mbele ya kamera kidogo, basi wakamkumbuka baadaye. Hakubeba mtungi wa hewa. Alikuwa akivuta pumzi kwenye bomba lililofichwa nje ya picha, analiachia, anaingia kuigiza akiwa amebana pumzi, anarudi kuvuta tena. Inasemwa aliweza kukaa hadi dakika 4. Zimwi la nchi kavu ni mtu mwingine kabisa, Ben Chapman, jitu la zaidi ya futi 6. Ndiyo maana hata maumbile yanabadilika kati ya maji na ardhi.

Umaskini wa bajeti ndio uliosaidia hapa. Waongozaji wenye fedha wangetuhamisha kila dakika kumi. Arnold alikuwa na ziwa moja, basi akatufanya tulijue. Baada ya nusu saa unajua pango liko upande gani, mlango wa ziwa uko wapi, mashua imetia nanga umbali gani na ufuko. Zimwi linapoziba mlango kwa magogo unashtuka kwa sababu unajua hakuna njia nyingine.

Haya, uwanja wenu.

Mzee wa Mapigano

Mkuu umeandika vizuri ila mimi sikubaliani. Niliiwekea wanangu wakacheka. Polepole mno, vazi linaonekana ni vazi, na kila mkono wa zimwi ukitokea tarumbeta inalia pa-pa-paaa. Nadhani nyie wapenzi wa vitu vya kale mnaipa sifa zisizo zake. Labda angeipata Lufufu, yule msimulizi wa filamu kwa Kiswahili, akaitia sauti ingechangamka kwenye vibanda vya video.

Mkazi wa Sahare

Mzee wangu, kuhusu tarumbeta nakubaliana nawe moja kwa moja. Muziki wa filamu hii waliugawana watunzi watatu, Henry Mancini, Hans Salter na Herman Stein, na kuna vipande vitamu sana vya chini ya maji. Lakini ile sauti ya noti tatu wameitumia kupita kiasi. Mara ya tatu inatosha, baada ya hapo inachosha.

Kuhusu watoto kucheka, sioni tatizo. Filamu hii haikushtui ukaruka kwenye kiti, labda ilifanya hivyo mwaka 1954 watu walipoitazama kwa miwani ya 3D na mkono ukawajia usoni. Leo inafanya kazi nyingine. Waulize wanao baada ya wiki wanakumbuka nini. Nakuhakikishia hawatataja lile vazi, watataja yule mtu anayeogelea chini ya yule dada.

Lufufu alikuwa fundi, Mungu anajua tulivyofaidi. Lakini hapa angepata taabu, kwa sababu sehemu bora za filamu hazina maneno hata moja. Msimulizi angelazimika kunyamaza kwa dakika kadhaa, na vibandani hakuna aliyelipa kusikiliza ukimya.

Mwalimu wa Baiolojia

Nimefurahi kuona uzi huu, na nashangaa hakuna aliyemtaja silikanti mpaka sasa, tena kwenye uzi wa Tanga!

Hebu tazameni mpangilio wa miaka. Desemba 1938 samaki wa ajabu ananaswa na meli ya uvuvi karibu na East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya pale anamwona kwenye lundo la samaki na kumzuia asitupwe. Profesa J.L.B. Smith anathibitisha kuwa ni silikanti, jamii ambayo wanasayansi waliijua kwa visukuku tu na waliamini ilitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 hivi iliyopita. Wa pili anapatikana Komoro Desemba 1952. Habari ikazunguka dunia nzima. Filamu inatoka 1954. Sisemi kwamba walimwiga silikanti, ila mtazamaji wa wakati ule alikuwa ametoka kusoma gazetini kwamba kilindi kinaweza kuficha kiumbe wa kale akiwa hai. Wazo la filamu halikuwa mbali na akili yake.

Na zimwi lile linasemwa ni la enzi za Devoni. Visukuku vya kale vya jamii ya silikanti vinatoka enzi hizohizo, miaka takriban milioni 400 iliyopita. Mapezi yake yana nyama na mfupa ndani, na anapoogelea huyasogeza kwa kupishana, la kulia mbele na la kushoto nyuma, kama mnyama wa miguu minne anavyotembea. Nikiwaonyesha wanafunzi video ya silikanti darasani kunakuwa kimya. Wanamwona samaki anayetembea majini. Zimwi la Universal ni wazo hilohilo likiwa limesimama wima.

Hapa kwetu walianza kunaswa kwa wingi kuanzia 2004 kwenye majarife ya papa, huko Kigombe na Mwarongo, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mchana wanajificha kwenye mapango ya chini ya maji, zaidi ya mita 100 kwenda chini. Mapango! Mwanzisha uzi, zimwi lako linaishi wapi vile?

Mkazi wa Sahare

Pangoni, mwalimu. Pango ambalo mlango wake uko chini ya maji. Ahsante sana kwa hili, umeipa hoja yangu miguu, au mapezi.

Niongeze kitu. Inasemwa Alland alilipata wazo la filamu mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwenye chakula cha jioni kwa mwongozaji Orson Welles. Mpiga picha wa Mexico, Gabriel Figueroa, alikuwa mezani akasimulia habari za kiumbe nusu mtu nusu samaki anayekaa Amazon, akasisitiza kuwa ni kweli. Yaani mzizi wa filamu ni masimulizi ya mdomo, yale yale ambayo watu husimuliana wakisubiri maji yajae. Nadhani ndiyo sababu ina uzito ambao filamu iliyobuniwa ofisini huwa haina.

Mtu wa Kanda ya Ziwa

Natokea Mwanza, nimeoa Tanga, nina haki mbili hapa. Kwenye filamu wale wanasayansi wanamzungumzia samaki mwenye mapafu kama daraja kati ya maji na nchi kavu. Sisi tunamla! Kamongo huyo. Ziwa likikauka pembeni anajifukia kwenye tope anasubiri mvua. Bibi yangu alikuwa hamgusi kabisa kamongo, anasema yule si samaki kamili na si mnyama kamili, kwa nini ule kitu ambacho Mungu hajakimaliza. Nilipoisikia ile hotuba ya kwenye filamu nilimkumbuka bibi. Wanasema jambo lilelile, ila bibi alilisema akiwa na heshima na woga, wao wanalisema wakiwa na nyundo mkononi.

Nahodha Mstaafu

Vijana, hamjambo. Nimesoma yote. Kuna jambo mmelipita haraka.

Wale watu waliposhindwa kumpata huyo zimwi walimwaga dawa majini. Unga unaoitwa rotenoni. Unalevya samaki wanaelea juu. Kijana wangu aliponionyesha filamu hii kwenye simu nilimwambia simamisha hapo. Hiyo ni utupa. Mmea ule ule tuliokatazwa na wazee kuutumia ovyo, maana sumu yake ni ya aina hiyo. Unautwanga, unautia kwenye dimbwi la mwambani maji yakipwa, samaki wote wanalewa, wakubwa na vitoto. Unapata kitoweo cha siku moja na dimbwi linakaa tupu.

Baadaye ikaja baruti, mnajua wenyewe ilivyotesa bahari ya Tanga. Nimeona matumbawe yaliyogeuka kifusi. Nimeona na mtu asiye na kiganja. Kwa hiyo mimi nilipoona samaki wanaelea kwenye lile ziwa, nilikwisha jua niko upande wa nani. Zimwi limeua, sikatai. Lakini wao waliua ziwa zima ili wampate mmoja.

Mkazi wa Sahare

Shikamoo mzee. Nashukuru mno kwa mchango huu.

Umegusa ugomvi ulio katikati ya filamu. Ndani ya Rita kuna wanaume wawili. David Reed anataka kuliona zimwi, kulipiga picha, kulielewa. Mark Williams anataka kurudi nalo, hai au limekufa, kwa sababu taasisi inahitaji fedha na yeye anahitaji jina. David anaingia majini na kamera, Mark anaingia na bunduki ya mikuki. Waandishi wa filamu hawakuficha wanamuunga mkono nani, lakini hata David anakubali ile dawa imwagwe. Hakuna aliyetoka pale akiwa safi. Hilo ni jambo zito kwa filamu iliyouzwa kama burudani ya vijana ya mwisho wa wiki.

Binti Pangani

Mimi naipenda filamu hii na nimeitazama kila mwaka tangu chuo, lakini lazima tuseme na lisilopendeza. Wa kwanza kufa ni wenyeji. Vibarua wawili wa Daktari Maia wameachwa kambini peke yao, wanauawa usiku, na kesho yake msafara unaendelea kana kwamba yameharibika mahema. Kisha wanakufa wafanyakazi wa mashua. Mzungu akifa ndipo muziki unabadilika. Kaka Mkazi wa Sahare, unasema zimwi liko kwao na wageni ni wanasayansi. Sawa. Na wale wenyeji je? Wao pia walikuwa kwao. Zimwi na vibarua walikuwa majirani miaka yote, akaja mtu na nyundo, waliolipa ni majirani.

La pili ni Kay. Ni msomi, amekuja kama mtafiti, lakini kazi aliyopewa ni kupiga kelele na kubebwa.

Mkazi wa Sahare

Dada, hoja ya kwanza siipingi hata chembe. Imenifanya niirudie ile sehemu ya kambi jana usiku, na ni kama ulivyosema. Vibarua wana majina, Luis na Tomas, lakini filamu haiwapi hata dakika moja ya kuombolezwa. Wenyeji wanatumika kutuonyesha ukali wa zimwi, basi. Ni dosari kubwa, na mtu akitengeneza hadithi ya namna hii leo aanzie kwao. Wao ndio waliojua lile ziwa lina mwenyewe, na nina uhakika walikuwa na jina lake.

Kuhusu Kay nakubali nusu. Hati ya filamu haikumtendea haki. Lakini ni yeye pekee kati ya wote aliyeingia majini bila silaha wala chombo cha kupimia, na ni yeye pekee ambaye zimwi halikumkuta kama adui. Julie Adams aliigiza juu ya maji, na chini ya maji akaogelea Ginger Stanley. Wawili hao pamoja wamebeba kipande kilichoifanya filamu idumu.

Na kuna mwanamke wa tatu, huyu ndiye anayeniuma. Sura ya zimwi, ile tunayoisifu miaka yote hii, ilichorwa na Milicent Patrick. Alikuwa amepita Disney kwenye uchoraji wa katuni kabla ya kufika Universal. Mwaka 1954 studio ilimtuma kuzunguka Marekani kuitangaza filamu. Mkuu wa idara ya vipodozi, Bud Westmore, hakupenda kabisa yeye kutajwa, sifa zote akazichukua mwenyewe, na Milicent hakufanya tena kazi pale. Miaka mingi watu waliandika kuwa zimwi ni la Westmore. Mwaka 2019 Mallory O'Meara alitoa kitabu kizima kumrudishia haki yake.

Tazameni ule uso kwa makini mkijua hilo. Midomo mipana ya samaki, mashavu ya samaki yanayofunguka na kujifunga anapohema, macho yasiyo na ukatili. Mchoraji mwingine angeweka meno. Milicent hakuweka meno, akaweka pumzi. Zimwi linapotolewa majini unaliona linatafuta hewa, na hapo huwezi kulichukia hata kama umejaribu.

Fundi Kamera

Niongeze upande wa ufundi. Picha nyingi za chini ya maji mnazozipenda ziliongozwa na James C. Havens, Jack Arnold alikuwa studio na kikosi chake. Yaani zimwi lina miili miwili na waongozaji wawili, na bado linasomeka kama kiumbe mmoja. Hiyo ni kazi ya mchoro wa Milicent Patrick na ya wahariri.

Kuhusu kutokuwa na rangi: nawasihi msitafute nakala iliyotiwa rangi. Nyeusi na nyeupe ndiyo iliyoficha mpira. Ukitoa rangi, mpira na gamba vinakuwa kitu kimoja, na jua likipenya majini linatoa mistari ambayo jicho linaishughulikia badala ya kutafuta mishono.

Mzee wa Mapigano

Nimerudi. Niliwauliza wanangu swali la mwanzisha uzi. Mkubwa kasema anakumbuka mkono unaotaka kushika mguu halafu unaacha. Mdogo kasema alimwonea huruma mwishoni walipompiga risasi. Bado nasema ni ya polepole.

Mkazi wa Sahare

Nimefurahi, mzee wangu, na upolepole nakuachia.

Kwa wanaouliza kama kuna muendelezo: upo. Revenge of the Creature ya 1955 na The Creature Walks Among Us ya 1956. Hiyo ya 1955 iliongozwa na Arnold tena, na ndani yake kuna kijana mmoja wa maabara anayeonekana dakika chache, ni Clint Eastwood kwenye kazi yake ya kwanza ya filamu. Ukiacha hilo, ni dhaifu, na sababu ya udhaifu inathibitisha ninachosema. Wamelitoa zimwi ziwani, wamelipeleka Florida, wamelifunga kwenye tangi watu wanakata tiketi kulitazama. Likitoroka linatembea barabarani na kwenye hoteli, na papo hapo linageuka kuwa mtu aliyevaa mpira. Lile vazi lilikuwa hai kwa sababu ya maji na pango na mimea.

Ya tatu ina wazo kali sana: zimwi linaungua, mashavu yake ya samaki yanaharibika, madaktari wanagundua lina mapafu, wanalivika nguo kama binadamu. Linakaa uani kwa tajiri likitazama bahari ambayo haliwezi tena kuiingia. Wazo hilo lilistahili filamu bora kuliko waliyoitengeneza. Ila aliyeliandika alielewa. Kati ya hizo tatu tazameni ya kwanza mara mbili, ya tatu mara moja, ya pili mkipata nafasi.

Kijana wa Makorora

Wakuu shikamooni. Mimi na wenzangu watatu tuna kamera moja nzuri na tumekuwa tukitaka kutengeneza filamu fupi ya chunusi. Tulikwama kwenye vazi, fundi aliyetuahidi anataka fedha ambayo hatuna. Uzi huu umenipa nguvu. Mnatushauri nini?

Nahodha Mstaafu

Marahaba mwanangu. La kwanza msiende na bamvua, maji yanakwenda kasi na yanachafuka. Subirini maji mafu, kaskazi ikiwa imetulia, asubuhi kabla upepo haujapanda. Hapo utaona mpaka chini. La pili, mtu asizame peke yake, hata akiwa hodari vipi. Awe na mwenzake pembeni na ngalawa juu.

Fundi Kamera

Kijana, usianze na vazi. Tafuta mahali pamoja, mkondo wenye mikoko au mwamba mnaoufahamu, mpige picha hapo tu. Mtazamaji akishapajua mahali, kivuli kinatosha nusu ya kwanza ya filamu. Nina nyumba ya kamera ya kuingia nayo majini, ya zamani lakini haivuji. Nitawaazima.

Binti Pangani

Na mwandike mhusika mwenyeji ambaye anajua kabisa chunusi ni nani, anaongea naye, na hafi dakika ya kumi. Nikipewa hati niisome nitaisoma bure.

Mkazi wa Sahare

Kijana, umepata nahodha, kamera na mhariri wa hati ndani ya saa moja. Mkitaka kuingia Amboni ombeni kibali kwanza na mfuate maelekezo ya wenye mapango, wote wawili, wa ofisini na wale wa kutambikiwa. Mwogeleaji mnaye? Kama hamna, Raskazone kila Jumapili kuna vijana wanaopiga mbizi vizuri. Nendeni mkawatazame wanavyogeuka majini, mchague anayegeuka bila haraka. Kisha leteni picha za majaribio hapahapa kwenye uzi, tuzitazame pamoja.